BMW 507: Gari Lililoundwa kwa Nyundo na Kuuzwa kwa Hasara

BMW 507 ni rodsta, yaani gari la wazi la viti viwili, lililoundwa mjini Munich, Ujerumani Magharibi, kuanzia Novemba 1956 hadi mwaka 1959. Yalitengenezwa 252 tu, ukiacha mawili ya majaribio yaliyotangulia. Injini yake ni ya alumini, yenye silinda nane. Bodi nayo ni ya alumini, iliyogongwa kwa mkono. Na umbo lake hutajwa hadi leo kila wanapokutana wachoraji wa magari kubishana ni gari lipi la karne ya 20 lilikuwa zuri kuliko yote. Katika vitabu vya hesabu mambo yalikuwa mengine. Kila 507 lililotoka kiwandani liliiongezea kampuni hasara, na lilipokoma kuundwa BMW yenyewe ilikuwa imebakiza hatua chache kumezwa na mshindani wake.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, BMW ilikuwa na jina kubwa katika magari ya mbio. Rodsta yake ya 328 ilishinda mara ya kwanza tu ilipotokea hadharani, kwenye njia ya Nürburgring mwezi Juni 1936, ikiendeshwa na Ernst Henne. Mwaka 1940, gari la aina hiyohiyo lililofunikwa paa jepesi lilishinda mbio za Mille Miglia nchini Italia. Lakini magari hayo yalikuwa yakitengenezwa katika mji wa Eisenach, na vita vilipokwisha Eisenach ikawa chini ya Wasovieti. Munich palikuwa pa injini za ndege na pikipiki. Mabomu yalikuwa yamepaharibu, na mashine nyingi zilizosalimika zikang'olewa na kupelekwa ng'ambo kuwa fidia ya vita. Kampuni iliamka taratibu kwa kuuza pikipiki, ya kwanza ikiwa R24 ya mwaka 1948.

Iliporudi kwenye magari, BMW haikuanza na gari dogo la mtu wa kawaida. Ilianza na 501, gari zito la kifahari lililooneshwa Frankfurt mwaka 1951 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata kwa zaidi ya marki 15,000, wakati Mjerumani wa kawaida alikuwa bado anadunduliza apate pikipiki. Madigadi yake yalijaa na kujikunja kiasi kwamba watu walilipachika jina la utani la malaika wa Baroki. Mtetezi mkubwa wa siasa hiyo ya magari ghali machache alikuwa Hanns Grewenig, mkuu wa mauzo, aliyetokea kwenye kazi ya benki. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kampuni isiyo na mashine kubwa za kukandamiza mabati haiwezi kushindana na Volkswagen kwa wingi, basi heri itafute faida kubwa kwa kila gari. Kasoro ni kwamba faida hiyo kubwa haikuonekana.

Kitu kimoja cha thamani kilitoka humo. Mwaka 1954 gari la 502 lilitoka na injini mpya ya V8, ya kwanza ya aina hiyo katika gari la Kijerumani tangu vita kwisha. Bloku yake ilikuwa ya alumini, wakati karibu viwanda vyote duniani vilikuwa bado vinasubu bloku za chuma. Buick na Oldsmobile za Marekani zilileta V8 zao za alumini mwaka 1961. Injini hiyo ya BMW ilianza na ujazo wa lita 2.6 na nguvu za farasi 100, kisha ikapanuliwa kufikia lita 3.2. Ilikuwa nyepesi, tulivu, na ilisubiri gari linaloistahili.

Aliyelidai gari hilo hakuwa mtu wa Munich. Alikuwa Max Hoffman, mfanyabiashara mzaliwa wa Vienna aliyewahi kuendesha magari ya mbio, akaikimbia Ulaya ya Wanazi na kufika New York mwaka 1941. Mwanzoni aliishi kwa kuuza mapambo ya bei rahisi. Vita vilipoisha alifungua duka la magari ya Ulaya, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 hapakuwa na muagizaji wa magari hayo Marekani aliyesikilizwa kuliko yeye. Aliwasukuma Mercedes-Benz waligeuze gari lao la mbio kuwa 300 SL la barabarani, akawasukuma Porsche wamtengenezee Speedster ya bei nafuu. Alijua wateja wake: matajiri wa pwani zote mbili za Marekani, waliopenda jua, paa lililofunguliwa na kitu ambacho jirani hana.

Hoffman aliona pengo sokoni. Chini kulikuwa na MG na Triumph za Uingereza, rahisi na za vijana. Juu kulikuwa na 300 SL, la bei ambayo hata daktari wa New York aliifikiria mara mbili. Katikati, alisema, palikuwa na nafasi ya rodsta ya Kijerumani yenye V8, ya dola 5,000 hivi, na kwa bei hiyo aliamini yangeweza kuuzwa magari 5,000 kwa mwaka. Mwaka 1954 aliupeleka ushauri huo Munich, na wakuu wa BMW wakaukubali. Mtu akizitazama namba hizo mbili leo hushangaa. Kampuni iliyokuwa ikiunda magari yake makubwa kwa maelfu machache tu kwa mwaka, kwa kazi nyingi ya mkono, ingefikaje magari 5,000 ya aina moja? Inaonekana ndoto ya soko la dola iliwazidi nguvu waliokuwa na kalamu ya hesabu.

Kazi ya kutengeneza chasi alipewa Fritz Fiedler, mhandisi aliyekuwa mmoja wa waliobuni 328, naye aliagizwa atumie vipuri vilivyokuwepo kadiri iwezekanavyo. Sura ya gari ilikabidhiwa kwanza Ernst Loof, fundi hodari ambaye baada ya vita alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya Veritas, iliyounda magari ya mbio kutokana na mabaki ya 328 kabla ya kuishiwa fedha. Loof alikamilisha gari la mfano mwaka 1954. Hoffman alipoliona alilikataa: lilikuwa zuri kwa namna ya kizamani, na yeye alijua wateja wa Park Avenue wasingelitupia jicho. Badala yake aliwapendekezea BMW jina ambalo hawakulijua.

Albrecht von Goertz alizaliwa mwaka 1914 katika familia ya makabaila wa Lower Saxony, akahamia Marekani akiwa kijana mwaka 1936, akajishughulisha na kubadilisha magari ya Ford, kisha akatumikia jeshi la Marekani katika vita vya Pasifiki. Baada ya vita alifanya kazi kwa Raymond Loewy, mchoraji mashuhuri wa bidhaa za viwandani, katika timu iliyochora magari ya Studebaker, halafu akafungua ofisi yake mwenyewe New York. Hakuwa amewahi kuchora gari zima likatoka sokoni kwa jina lake. Novemba 1954 BMW ilimpa kazi mbili kwa mpigo: 503, gari la watu wanne lenye paa la kudumu au la kukunjwa, na 507. Miezi isiyozidi minane baadaye, katika kiangazi cha 1955, gari la mfano la 507 lilisimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Septemba mwaka huo likapelekwa kwenye maonesho ya Frankfurt.

Ubora wa kazi ya Goertz unaonekana zaidi ukikumbuka alichopewa. Chini ya 507 kuna fremu ya sedani ile nzito ya malaika wa Baroki, kupitia 503, iliyofupishwa ili nafasi kati ya ekseli mbili ipungue kutoka milimita 2,835 hadi 2,480. Gari zima lina urefu wa mita 4.38, lakini kimo chake ni mita 1.26 tu, na ni uwiano huo unaolifanya lionekane limelala barabarani. Boneti ni ndefu kupita kiasi kwa makusudi. Mstari wa ubavuni huanza juu ya gurudumu la mbele, hushuka taratibu kwenye mlango mpaka mahali ambapo dereva angeweza kuegesha kiwiko, kisha hupanda tena juu ya gurudumu la nyuma kabla ya kuteremka hadi kwenye buti. Hakuna nakshi ya kromiamu isiyo na kazi, jambo la ajabu katika mwaka ambao magari ya Detroit yalikuwa yakiota mapezi mkiani.

Mbele palikuwa na mtihani mgumu. Tangu mwaka 1933 magari ya BMW yalitambulika kwa matundu mawili ya hewa yenye umbo la figo, yaliyosimama wima katikati ya uso. Pua ya rodsta ilikuwa chini mno kuyabeba yakiwa yamesimama. Goertz aliyalaza: akayanyoosha kwenda kulia na kushoto, yakawa mapana na membamba, yakijaza uso mzima kati ya taa. Nyuma ya magurudumu ya mbele aliweka matundu mengine ya kutolea joto la injini, yenye mistari ya kromiamu na beji ya kampuni katikati, kama mashavu ya papa. Turubai la paa lilikunjwa na kufichwa kabisa nyuma ya viti, hivyo gari likiwa wazi hakukuwa na furushi la kuharibu mstari wake. Ndani palikuwa na usukani mkubwa mwembamba, mita ya kasi na ya mizunguko ya injini mbele ya dereva, na ngozi kwenye viti. Mjerumani wa 1956 aliyekaa humo aliona pamejaa anasa, ingawa msafiri wa leo angepaona pakavu.

Kutoka kwenye mchoro hadi gari halisi ndiko fedha zilikopotelea. Umbo lenye mikunjo laini namna hiyo huchapwa kwa urahisi na mashine kubwa za kukandamiza mabati, lakini kalibu za mashine hizo ni ghali na hulipa tu pale magari yanapotoka kwa maelfu. BMW haikuwa nazo kwa ajili ya 507. Fundi bodi alichukua shiti la alumini, akaligonga na kulinyoosha juu ya kalibu mpaka likachukua mkunjo uliotakiwa, akaliunganisha na jingine kwa kulehemu, kisha akapiga tupa maungio mpaka kidole kisiyahisi. Alumini haisamehe: ikigongwa kupita kiasi hunyumbuka na kuwa nyembamba, ikipashwa joto kidogo zaidi hutoboka bila kubadilika rangi kwanza. Kazi ya namna hiyo hupimwa kwa saa za mtu mmoja mmoja.

Matokeo yake ni kwamba hakuna 507 mbili zinazofanana kabisa. Tofauti ni za milimita, jicho haliwezi kuziona, lakini vipuri vinazijua. Mfano mzuri ni paa gumu la kuvua lililouzwa kama nyongeza. Yalitengenezwa 11 tu, kila moja likipimiwa juu ya gari lake, na paa la gari moja halikai sawasawa kwenye jingine. Anayenunua leo 507 na paa lake lazima ahakikishe viwili hivyo vilizaliwa pamoja.

Injini iliyowekwa humo ilikuwa ile V8 ya lita 3.2, kwa usahihi sentimita za ujazo 3,168, ikiwa imeongezewa ukali. Kemshafti moja iliyokaa katikati ya V ilisukuma fito zilizofungua valvu zilizo juu. Ilipewa kemu zinazonyanyua valvu zaidi, vyumba vya kuchomea mafuta vilivyong'arishwa, mgandamizo wa 7.8 kwa 1, na kabureta mbili za Zenith zenye matundu mawili kila moja. Nguvu zilikuwa za farasi 150 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika. Giaboksi ya ZF ya gia nne ilifungwa moja kwa moja nyuma ya injini, na mkono wake ulitoka sakafuni. Magari ya mwanzo ya 503 yalikuwa na mkono wa gia kwenye nguzo ya usukani, mpangilio wa sedani ambao kwa rodsta ungekuwa kichekesho.

Kwa upande wa miguu, Fiedler hakutumia springi za kawaida. Magurudumu ya mbele yalishikwa na mikono miwili ya pembetatu kila upande, na ya nyuma yalikuwa kwenye ekseli moja nzima. Uzito wote ulibebwa na fito ndefu za chuma zinazopotoka gurudumu likipanda na kurudi gurudumu likishuka. Ekseli ya nyuma ilizuiwa isiyumbe pembeni kwa fito ya Panhard, na mkono mmoja mkubwa wa umbo la A ulipokea nguvu za kuondoka na za kufunga breki. Breki zenyewe zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne, za alumini yenye mapezi ya kupoozea. Hapa ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa wa gari. Ngoma zilitosha kwa mtu anayetembea mjini, lakini mtu akiteremka mlima kwa kasi zilipata joto na kulegea. Magari ya mwishomwisho ndiyo yaliyopewa breki za diski mbele.

Kasi ya mwisho ilitegemea difu aliyochagua mnunuzi. Ya kawaida ilikuwa ya 3.70 kwa 1. Aliyeishi milimani angeweza kuagiza ya 3.90, na aliyependa barabara kuu angechukua ya 3.42, ambayo kiwanda kilidai ililifikisha gari kilomita 220 kwa saa. Jarida la Kijerumani la Motor Revue lilipolijaribu lilipata kasi ya mwisho ya kilomita 196 hivi kwa saa, na sekunde 11.1 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Kwa gari lenye uzito wa kilo 1,330 hizo zilikuwa namba nzuri, lakini haziwezi kuitwa za kutisha. Mercedes 300 SL, yenye nguvu za farasi 215 na mafuta yanayopulizwa moja kwa moja kwenye silinda, iliiacha mbali. Walioendesha yote mawili walisifu 507 kwa jambo jingine: injini iliyovuta tangu mizunguko ya chini bila kulalamika, na utulivu wa safari ndefu. Lilikuwa gari la kusafiria kwa haraka, na waliolinunua wakidhani ni gari la mbio walilikosea.

Magari ya mfululizo wa kwanza yalikuwa na tatizo la kuchekesha. Tangi lao la mafuta, la alumini, lilibeba lita 110 na lilikaa nyuma ya viti, likimnyima dereva mrefu nafasi ya kusogeza kiti na kula sehemu ya buti. Baya zaidi, paa likifungwa harufu ya petroli ilijaa ndani. Mfululizo wa pili ulihamishia tangi chini ya buti, likiwa dogo la lita 66 na limechongwa kulizunguka tairi la spea. Mwenye gari alipoteza mwendo wa kilomita nyingi kati ya vituo vya mafuta, akapata hewa safi.

Hesabu ya Hoffman ilikufa kwenye bei. Gari lilipoingia sokoni liliuzwa Ujerumani kwa marki 26,500, baadaye likapanda hadi 29,950. Kwa bei ya mwanzo Mjerumani angeweza kununua karibu Volkswagen saba za bei ya chini. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati huo, marki 4.20 kwa dola moja, ilikuwa zaidi ya dola 6,300 kabla ya nauli ya meli, ushuru na faida ya muuzaji; Marekani ilianzia dola 9,000 na kuishia 10,500, wakati Corvette ya Chevrolet ya mwaka 1956 iliuzwa kwa dola 3,100 na ushee. Gari lililokusudiwa kukaa chini ya 300 SL likajikuta bega kwa bega nalo, likiwa na nguvu kidogo na bila rekodi ya mbio. Mercedes iliuza 300 SL 1,400 zenye milango inayofunguka juu, na baadaye 1,858 za wazi. BMW haikufika hata asilimia kumi ya hizo. Na kwa kuwa gharama ya saa za mafundi ilizidi hata bei hiyo kubwa, kuuza zaidi kusingesaidia. Kungeongeza hasara tu.

Si haki kulibebesha 507 peke yake mzigo wa matatizo ya kampuni. Magari 252 ni machache mno kuangusha kiwanda. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye duka zima: soko la pikipiki lilianguka Wajerumani walipoanza kumudu magari, sedani za V8 zilikuwa ghali kwa wengi, na kitu pekee kilichouzika sana kilikuwa Isetta, kigari cha injini ya pikipiki chenye mlango mmoja puani, ambacho BMW ilianza kukiunda mwaka 1955 kwa leseni kutoka Italia na kuuza zaidi ya 160,000. Kampuni ilikuwa na gari la tajiri na kigari cha kibarua. Mwalimu, fundi na karani, waliokuwa wakiongezeka kwa mamilioni, hawakuwa na chochote cha kununua kwake. Rodsta ya Goertz ilikuwa ishara ya wazi kabisa ya kosa hilo, na kwa kuwa ilipendeza ndiyo ikakumbukwa.

Mwaka 1959 maji yalifika shingoni. Tarehe 9 Desemba wanahisa waliitwa Munich kupitisha mpango ulioungwa mkono na Deutsche Bank, ambao ungeiweka BMW mikononi mwa mshindani wake, Daimler-Benz, mwenye chapa ya Mercedes. Ilitarajiwa kuwa shughuli ya kupiga muhuri tu. Badala yake wauzaji wa magari na wanahisa wadogo, wakiongozwa na mwanasheria Friedrich Mathern, walisimama na kuyachambua mahesabu, wakaonesha kwamba gharama zote za kubuni gari jipya la 700 zilikuwa zimetupwa ndani ya mwaka mmoja, jambo lililoifanya hasara ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa. Mkutano ukaahirishwa, na kwa kuwa muda wa ofa ya Daimler-Benz ulikuwa unaisha siku hiyo, mpango ukafa. Herbert Quandt, mwenye viwanda aliyekuwa na hisa katika kampuni zote mbili, aliamua kuweka fedha zake upande wa BMW. Gari dogo la 700 likaleta fedha, na mwaka 1961 likaoneshwa la 1500, la ukubwa wa kati, lililoliziba lile pengo. Wakati huo 507 lilikuwa limekwisha kukoma.

Majina ya waliolimiliki yalilipa umri mrefu kuliko mauzo yake. Hans Stuck, bingwa wa mbio za kupanda milima aliyewahi kuendesha magari ya Auto Union miaka ya 1930, alilipandisha 507 kwenye mashindano ya milimani akiwa na umri wa karibu miaka 60. Mwaka 1960, akikaribia kutimiza 60, alitwaa ubingwa wa Ujerumani wa mbio hizo kwa kutumia BMW 700. John Surtees, Mwingereza ambaye ndiye binadamu pekee hadi sasa aliyetwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za mbio na pia wa Formula 1, alipata 507 lake mwaka 1957 kutoka kwa mwajiri wake, Domenico Agusta, baada ya kuipatia MV Agusta taji la pikipiki za sentimita za ujazo 500 la mwaka 1956. Breki za ngoma hazikumridhisha, akashirikiana na kampuni ya Dunlop kulifunga diski. Hakuliuza maisha yake yote.

Gari linalojulikana zaidi ni chasi namba 70079. Lilikuwa jeupe, na ndilo Stuck alilotumia kwenye maonyesho na milimani. Desemba 1958 lilichukuliwa na askari mmoja wa Marekani aliyekuwa kambini Friedberg na kuishi Bad Nauheim, naye ni Elvis Presley. Mashabiki wa kike walizoea kuliandika ujumbe wa mapenzi kwa rangi ya mdomo, na inasimuliwa kwamba ndiyo sababu Elvis aliagiza lipakwe rangi nyekundu. Mwaka 1960 likavuka bahari. Mmiliki wake mpya, mtangazaji wa redio wa Alabama, aling'oa injini ya asili, akafunga V8 ya Chevrolet na kulipeleka kwenye mbio za eneo hilo. Mwaka 1968 likanunuliwa na mtu wa California, ambaye kwa miaka mingi alilihifadhi kwenye ghala la maboga akikusanya vipuri vya kulirudisha.

BMW ilipopata habari zake ilikubaliana na mzee huyo kulitengeneza upya, na kazi ikafanyika Munich kati ya 2014 na 2016. Injini ilibidi iundwe kutokana na vipuri vya akiba. Bodi ilinyooshwa kwa mkono kama zamani, lakini baadhi ya vipande vidogo, kwa mfano mikono ya kupandishia vioo, vilichapwa kwa mashine za kisasa za kuunda vitu tabaka kwa tabaka, kwa sababu hakukuwa na kalibu zilizobaki. Likapakwa tena rangi yake nyeupe na kuoneshwa Pebble Beach, California, Agosti 2016. Mwenye gari alifariki mwishoni mwa 2014, kabla kazi haijakamilika.

Zaidi ya magari 200 kati ya yale 252 bado yapo, kiwango ambacho magari ya kawaida ya miaka hiyo hayakaribii. Sababu moja ni alumini, isiyoliwa na kutu kama bati. Nyingine ni kwamba mtu aliyelipa bei ile hakulitupa gari. Surtees alipofariki mwaka 2017 gari lake lilipigwa mnada Goodwood, Uingereza, Julai 2018, likauzwa kwa pauni 3,809,500. BMW yenyewe ilirudi kwenye michoro ya Goertz ilipounda Z8, rodsta ya alumini yenye V8 ya nguvu za farasi 400 na matundu ya ubavuni yaliyonakiliwa waziwazi kutoka 507. Hadi lilipokoma mwaka 2003 yalikuwa yametengenezwa 5,703.